Nilisema Ni Changu

Msambweni

Dada yangu Mwanasiti,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikaiweka kalamu chini kitambo, kwa mazoea, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Barua zangu zote nilizokuletea Samburu zilianza kwa kukuuliza hali. Hii sijui niianzeje. Basi nitaanza na hali yangu mimi. Nimechoka, dada. Siumwi. Nimechoka tu, uchovu wa mtu anayelala na kuamka vile vile.

Ni miezi saba tangu utuache. Baba yuko, magoti yanamsumbua, kwenda msikitini siku hizi anapumzika mara mbili njiani. Mama haimbi. Watu wamekuja mara tatu kumtaka kwa arusi, na mara tatu amewajibu, "Sauti imekauka, wanangu." Haijakauka. Namsikia alfajiri akisoma, na ni ile ile. Udi wa baba haupigwi, umetundikwa ukutani, na mama ameufunika kwa leso yako ile ya zambarau, na hakuna aliyethubutu kuifunua.

Hotelini Diani nako kumebadilika na hakukubadilika. Picha ya malkia imeshushwa, imepandishwa ya rais. Wageni wa zamani wengi wamekwenda zao, wamekuja wengine, lakini chai ni ile ile na dansi la saa kumi ni lile lile. Kila siku navaa koti jeupe, nakaa kando ya piano, napiga nyimbo kumi na mbili ambazo vidole vyangu vinazijua hata nikiwa nawaza mambo mengine. Wageni hunisifu. Mpishi mmoja aliyekuja kutoka bara huniita "Jazi", kana kwamba ndilo jina nililopewa na wazazi wangu. Naitika.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililolifanya, unalijua, na hatukulizungumza hata siku moja. Sasa nimelizungumza na kila mtu isipokuwa wewe. Uniwie radhi nikianzia mbali. Nikianzia karibu sitafika.

Unakumbuka mjomba Hamisi aliporudi kutoka melini alikokuwa mpishi, akatuletea gitaa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na mmoja. Nyumba yetu haikupungukiwa na vyombo: kulikuwa na udi wa baba, matari, vigoma, na sauti ya mama iliyokuwa ikitafutwa kwa arusi kutoka Gazi hadi Vanga. Baba akaligeuza gitaa mara moja, akasema, "Hiki ni chombo cha mabaharia," akaliegemeza nyuma ya mlango. Lilikuwa na nyuzi tano. Wa sita uliufunga wewe, kwa mshipi wa kuvulia, ukaukaza mpaka ukalia. Hakuna aliyekufundisha. Ulikuwa umekaa miaka yote ukimsikiliza baba akiuweka udi wake sawa kabla ya kwenda kazini, na kumbe ulikuwa unashika.

Kisha ikawa ile redio ya dukani kwa Mhindi. Jumamosi mchana ilikuwa ikikamata kituo cha mbali, na humo ukipigwa muziki ambao hatukuujua hata jina. Gitaa likizungumza peke yake, polepole, besi ikitembea chini yake. Wasichana hawakukaa barazani pa duka, kwa hiyo wewe ulikuwa ukinunua chumvi. Unanunua kidogo, unaondoka, unarudi umesahau kiberiti, unaondoka, unarudi kuuliza kama sukari imefika. Mama alishangaa nyumba kuwa na viberiti saba. Tulikuwa tumegawana kazi: wewe ushike sauti za juu, mimi za chini. Tulikuwa tukirudi mbio, midomo tumeifumba, hatuitikii salamu ya mtu, tukiogopa zisije zikamwagika njiani. Jirani yetu Bi Mwanajuma akaja kushitaki kwamba watoto wa nyumba hii wameingiwa na kiburi.

Jikoni ulikuwa ukiufunga mlango. Moshi machoni, gitaa mapajani, unatafuta sauti moja moja mpaka zote zilizopigwa redioni zipatikane. Ukikosea ulikuwa husemi kitu, unarudi mwanzo. Ukishapata, unanipa mimi gitaa na kunipanga vidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa na mikono myepesi. Wewe ndiwe uliyekuwa na sikio. Watu walioniita hodari hawakuyatenganisha mambo hayo mawili, na mimi sikuwatenganishia.

Kile kipande tulichokiita "cha jikoni" ulikitunga masika yale mvua ilipotufungia ndani wiki nzima. Hakikuwa na maneno. Ulichukua namna ya mama ya kurudi mwishoni mwa ubeti, ule mgeuko wake unaowaliza mabibi arusi, ukautia ndani ya zile sauti za redioni. Ulipokimaliza ulinitazama, ukaniuliza, "Kinasikika kama kitu?" Mimi nikakuambia kinasikika kama mtu anayeshuka ngazi kisha akaghairi. Ulicheka, ukakipiga tena.

Ukaposwa. Mwinyi alikuwa mtu mwema, sote tulilijua hilo: mfanyabiashara wa mbuzi, mwenye mkahawa wake kando ya barabara kuu pale Samburu, mtu wa sala na maneno machache. Hakuna aliyekulazimisha na hakuna aliyekuuliza sana. Siku ya kuondoka uliniita jikoni ukaniambia, "Gitaa ni lako. Kule sina pa kulipigia. Na hiki cha jikoni ukishike sawasawa, kisije kikapotea." Hukuniambia nilitaje jina lako. Mara nyingi nimejificha nyuma ya hilo.

Yaliyofuata mengine nilikuandikia. Nilikwenda Diani kuosha sahani. Bwana Lino, yule Mgoa wa Mombasa mpiga piano na mkubwa wa bendi, alinikuta nyuma ya stoo napiga wakati wa mapumziko. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wapi umejifunza hii wewe?" Nikamwambia, "Nyumbani." Hilo lilikuwa jibu la kweli. Akanitoa kwenye sahani akaniweka karibu na piano, akanifundisha majina ya vitu ambavyo wewe ulikuwa umeshanipa bila majina. Akaniambia huo muziki unaitwa jazi, na kwamba mpigaji wake hachungwi na wimbo, anauchunga yeye. Nikaona ajabu, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyokuwa ukifanya, na tulidhani ni utundu tu.

Hili sikukuandikia. Mwaka ule wa uhuru bendi iliitwa Mombasa kutia nyimbo kwenye santuri. Upande mmoja Bwana Lino alikuwa nao. Upande wa pili hakuwa na kitu. Akanigeukia, tumekaa nje ya jikoni la hoteli, akasema, "Kile unachezea tukipumzika, tutatia kile. Nani katunga?"

Nikasema, "Mimi."

Ni neno fupi, Mwanasiti. Sikulitafuta, lilikuwa mdomoni. Baadaye nilijipa sababu: niliogopa angecheka akisikia kimetungwa na msichana jikoni Msambweni. Kweli niliogopa. Lakini pia nilikitaka. Nilitaka kuwa mtu aliyetunga kitu kile.

Wakakiita "Jioni Diani" na chini yake jina langu. Redio ya Nairobi ikakipenda. Siku bendera ilipopandishwa pale uwanjani Msambweni, kati ya hotuba na hotuba walikuwa wakipiga santuri kwenye vipaza sauti, na ghafla kikaanza. Watu wakanibeba mabegani. Mama akapiga vigelegele. Baba alisimama na fimbo yake akikitazama kipaza sauti juu ya mti. Mimi hakunitazama. Nikadhani amechukia muziki wa hoteli.

Nilikaa miezi kabla ya kuja kukuona. Nilijua Mwinyi ana redio ya betri pale mkahawani na kwamba umekwisha kukisikia. Njia nzima ndani ya treni nilikuwa nikipanga maneno. Nilipofika, Mwinyi akanishika mkono, akaniingiza kati ya madereva wa malori na wachuuzi wa mbuzi, akasema, "Huyu ndiye shemeji yangu. Ndiye mwenye kile kipande." Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Ukatoka na sinia la chai, Riziki mwanao mgongoni, ukanisalimia vizuri, ukaniuliza habari za magoti ya baba.

Tulipobaki peke yetu uani, unapeta mahindi, ulisema jambo moja tu. "Pale katikati umeharakisha. Ulikuwa na haraka ya nini?" Nikajibu kwamba santuri ina nafasi ndogo, Bwana Lino ndiye aliyetaka. Ukaitika kwa kichwa. Ungalinilaumu ningalisema. Ungalilia ningalisema. Ulinirahisishia, dada, au labda ulikuwa umechoka wewe kabla yangu. Ukaendelea kupeta, kisha ukaniambia, bila kuniangalia, kwamba umetunga kingine. Huna chombo, unakiweka kichwani tu. Ukakivumisha puani kidogo, ungo ukienda nacho. Riziki akaamka akalia, ukanyamaza ili umnyonyeshe, na mimi nikaondoka kuwahi treni. Nikasema nitakuja tena, tutakaa. Mwanzo wa kile kingine ninao mpaka leo. Ni mwanzo tu. Nimejaribu kuuendeleza na kila ninachokitia najua si chako.

Simu ya maandishi ya Mwinyi ilifika hotelini saa sita mchana. Karani aliiacha mezani mpaka dansi la chai likaisha, kwa kuwa, aliniambia, hakutaka kuniharibia mchezo. Siku ile mgeni mmoja aliomba "Jioni Diani". Nikaipiga, wakapiga makofi, na Samburu saa hiyo hiyo walikuwa wakikuzika. Homa ya siku nne, ndivyo simu ilivyosema. Nilifika kesho yake, udongo ukiwa bado mbichi kwa mvua. Mwinyi alinikumbatia akaniambia, "Alikuwa akikusikiliza kila ulipopigwa redioni. Alikuwa akiacha kazi."

Baada ya arubaini yako sikuweza tena kukipiga. Bwana Lino akanikasirikia. Nikaja nyumbani siku za mapumziko, nikakaa barazani na gitaa mapajani, silipigi. Baba akatoka, akakaa kwa shida, akasema, "Kipige."

Nikamuuliza, "Kipi, baba?"

"Cha Mwanasiti."

Nikamuuliza alijuaje. Akaniambia alikuwa akikusikia ukutani masika yote yale. Alikuwa akijilaza chumbani akidhaniwa amelala, anakusikia unakosea, unarudi mwanzo. Alisema kila mwanawe ana namna yake ya kugusa uzi na hawezi kuwakosea, kama asivyoweza kukosea kikohozi cha mkewe.

Nikamwambia, "Mbona hukusema pale uwanjani?"

"Ningalisema nini? Redio imesema Bakari. Nilikungoja wewe useme." Kisha akasema, "Na mimi nina langu. Nilikuwa nikimsikia na sikumfungulia mlango."

Nikakipiga, polepole, na pale katikati sikuharakisha. Mama alikuja akasimama mlangoni na kijiko mkononi. Hakuuliza ni nini. Nadhani alijisikia mwenyewe humo ndani.

Nilitaka kwenda mbio kurekebisha. Nilimwambia baba kwamba nitakuwa nikilitaja jina lako hotelini kila siku kabla ya kukipiga, wote wajue. Baba akasema, "Jina la mwanangu usilitaje mbele ya pombe. Ukitaka kulitaja, kalitaje mbele ya mumewe." Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimewawaza wageni, na redio, na Bwana Lino. Yule mtu aliyekuwa akinisifu kwa kila dereva, sikumwaza.

Nilimwambia Bwana Lino kwanza, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Nilimkuta akifunga masanduku, anawafuata ndugu zake ng'ambo. Alinisikiliza akikunja mashati. "Ningejua ningeandika jina lake, Bakari," alisema. "Kwani mimi ningecheka? Sasa imeshachapwa. Nitafuta na kucha?" Kisha akaniuliza kama dada yangu ana vingine. Nikamwambia alikuwa nacho kimoja. Akaacha kukunja. "Alikuwa," akasema, akakaa kitandani.

Halafu nikaenda Samburu. Nilikwenda mikono mitupu, gitaa nikaliacha nyumbani kwa aibu. Mwinyi alikuwa mkahawani akifuta vikombe. Nikamwomba tukae nyuma, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa, tangu chumvi mpaka neno lile moja. Alikuwa ameshika kikombe na kitambaa, akakifuta kikombe kile kile muda wote.

"Unasema Mwanasiti alikuwa akipiga gitaa."

"Ndiyo, shemeji."

"Mwanasiti wangu mimi."

"Ndiyo."

Akakiweka kikombe. "Miaka mitano. Alikuwa akigonga vidole kwenye sinia, hivi. Nikamwambia aache, kichwa kinaniuma." Akautazama mkono wake mwenyewe. "Aliacha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Ningeipokea. Aliinuka tu, akaniambia kwa adabu yake ile ile, "Sikulaani, Bakari. Lakini leo siwezi kula nawe." Unajua nyumba yako ilivyokuwa, hakuna mgeni aliyeiacha na njaa. Nikaaga. Riziki alikuwa mlangoni, ana miaka minne sasa, kipaji cha uso ni chako. Hanijui. Nikarudi na lori la mbuzi hadi Mombasa, nimekaa nyuma na mbuzi, na sikuona vibaya kukaa nao.

Wiki tatu hazikuja habari. Nilikwenda kazini, nikavaa koti, nikapiga kumi na moja badala ya kumi na mbili. Mkubwa mpya wa bendi aliniuliza kwa nini, nikamwambia ile ya kumi na mbili si yangu kuitoa. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Juzi imekuja barua ya Mwinyi. Ni mistari mitatu. Anasema Riziki ameanza kumuuliza jinsi mama yake alivyokuwa akisema, sauti yake ilikuwaje, na yeye akijaribu kumwambia anajiona hana la kusema. Anasema: "Njoo na chombo. Mtoto amsikie mama yake, na mimi nimsikie."

Nimeisoma mara nyingi. Mama ameisoma pia, na leo asubuhi amenifulia kanzu, akaniambia nimsubiri, atakwenda nami. Baba ataachwa kwa Bi Mwanajuma.

Nakwenda Alhamisi, dada. Sitakuambia kwamba mambo yamekuwa sawa. Santuri zile bado zinauzwa na jina langu, watu barabarani bado wananipungia mkono, na kile kingine cha uani umekwenda nacho. Lakini nakuahidi hili: nitakaa chini nyumbani kwako mchana, mlango wazi, nitasema ni chako kabla sijagusa uzi, nikipige mpaka mwisho. Mwinyi akinikaribisha chakula nitakula. Asiponikaribisha nitamshukuru, na mwezi ujao nitakwenda tena.

Mungu akurehemu na akupe makazi mema. Unisamehe, kama huko husamehewa.

Mimi mdogo wako,
Bakari